Vitabu na Walimu wa Stadi za Porini: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Hapa Nairobi

Kila Jumamosi tukirudi kutoka Ngong, matatu haijafika hata Karen, maswali yanaanza. Nisome nini? Nani anafundisha? Kuna kozi? Nimechoka kujibu yale yale kwenye simu, kwa hiyo nimeyaweka hapa. Mimi si komando wala sikuzaliwa porini. Nimelelewa Umoja, haya nimejifunza ukubwani, mengine kwa aibu.

Ndiyo naanza. Kitabu cha kwanza kiwe kipi?

Kama pesa zinatosha kimoja tu, chukua *98.6 Degrees* cha Cody Lundin, Mmarekani wa Arizona, kilichotoka mwaka 2003. Jina hilo ni joto la kawaida la mwili kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani nyuzi 37 za Selsiasi, na kitabu kizima kinazunguka hapo: aliyepotea huuawa na baridi au joto kabla njaa haijamfikia. Ndiyo maana kina kurasa nyingi za nguo, maji na hofu, na chache za kutafuta chakula. Kwa mtu wa Nairobi anayepanda Mlima Kenya na jinzi na jaketi la Toi lisilozuia mvua, hilo ndilo somo lenyewe. Lundin ana mizaha mingi, mingine ya kihuni. Usimzawadie mchungaji wako.

Kinachojulikana zaidi ni *SAS Survival Handbook* cha John Wiseman, cha mwaka 1986. Wiseman alitumikia kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza kwa miaka 26, na kitabu chake kina kila kitu, kuanzia jangwa hadi barafu. Hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake: kinapita kila mahali, hakikai popote. Kitumie kama kamusi. Toleo la mfukoni lina herufi ndogo kiasi cha kukutoa machozi.

Mwongozo wa kunusurika wa jeshi la Marekani, FM 21-76, unapatikana bure kihalali kwa sababu kazi za serikali yao hazina hakimiliki. Ukiuziwa nakala yake kwenye simu, umeuziwa hewa.

Vitabu hivi viliandikiwa misitu ya ughaibuni. Vinatufaa?

Kanuni zake zinafaa. Mifano yake inahitaji mtu wa hapa akusahihishie.

Chukua *Northern Bushcraft* cha Mors Kochanski, cha mwaka 1987. Kwa matumizi ya kisu na shoka sijasoma kilicho bora zaidi. Mwandishi anakueleza hata uchuchumae vipi ili shoka likiteleza lisikupate gotini. Lakini Kochanski aliishi na kufundisha kwenye misitu ya baridi ya Kanada. Ukifika mahali anapokuambia ubandue gome la mti wa *birch* liwe chachu ya moto, funga kitabu. Mti huo haupo Ngong wala Kereita. Mimi sikukifunga. Nilizunguka wikendi mbili nikitafuta mti wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, nikarudi nyumbani na gunia la magome yasiyowaka hata kwa mafuta ya taa.

Kubwa zaidi ni kujua uelekeo. Karibu kila kitabu cha kaskazini kinakuonyesha Nyota ya Kaskazini. Nairobi iko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho; hata ukipanda Longonot hutaiona. Ile mbinu ya kuelekeza mshale wa saa kwenye jua nayo inakupoteza, kwa sababu jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba. Na wanaosema kuvumwani huota upande mmoja tu wa mti, waje Aberdare waone shina lililovaa kijani pande zote kama sweta.

Kinachofanya kazi huku ni zile nyota tatu zilizojipanga mstari kiunoni mwa Orion, lile kundi la nyota. Huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili. Mchana, tumia jua la asubuhi na la jioni, na ramani.

Tena wenzetu wa kaskazini wana jioni ndefu za kiangazi, kwa hiyo vitabu vyao vinakupa muda wa kujenga kibanda baada ya kugundua umepotea. Huku jua likizama saa kumi na mbili na nusu, saa moja ni giza. Kama hujui ulipo na imefika saa kumi jioni, kazi yako sasa ni kulala vizuri, si kutafuta njia.

Na mitego? Kila kitabu kina sura nzima.

Iruke. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali. Ukikutwa na kitanzi cha waya msituni, kumweleza askari wa KWS, shirika la wanyamapori, kwamba unafanya mazoezi ya sura ya saba hakutakusaidia. Na kitanzi ulichosahau kitamkata swala mguu wiki ijayo.

Nisome nini kuhusu mimea inayoliwa?

Hapa tuna bahati kuliko nchi nyingi, maana vitabu bora ni vya kwetu. *Traditional Food Plants of Kenya* cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye kilitolewa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya mwaka 1999. *Useful Trees and Shrubs for Kenya*, kilichohaririwa na Maundu pamoja na Bo Tengnäs, ni cha mwaka 2005. Vyote viwili vinataja majina ya mimea kwa lugha zetu nyingi za nyumbani, na hilo ndilo linalovifanya viwe hazina: unaenda nacho kwa nyanya yako, unamsomea jina, naye anakuambia kama walikula, walikula lini, na nani aliumwa tumbo. Ukizama zaidi kuna *Kenya Trees, Shrubs and Lianas* cha Henk Beentje, cha mwaka 1994, lakini hicho kinataka uvumilivu na lenzi ya kukuzia.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya vichaka viwili vinavyoota vyote kando ya Nairobi. Kimoja ni mtandamboo, ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa. Una maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, na vitunda vyeusi vya zambarau ambavyo watoto wanaochunga mbuzi huvila hadi midomo ibadilike rangi. Kingine ni msunguti. Maua yake meupe yana wekundu na harufu nzuri vilevile, vitunda vyake vikiiva ni vya zambarau vilevile, na ukivunja tawi la chochote kati ya hivyo viwili hutoka utomvu mweupe. Ni ndugu wa ukoo mmoja wa mimea. Msunguti ndio uliochemshwa na wawindaji kupata sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo.

Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Ukishajua ni rahisi, lakini usiende kuchuma kwa sababu umesoma aya hii. Shika matawi yote mawili mkononi, mbele ya mtu anayeyajua, ndipo useme umejifunza. Na ile mbinu ya miongozo ya kijeshi ya kuonja mmea usioujua kidogo kidogo, mimi siifundishi. Mtu mzima mwenye maji hafi kwa njaa ya siku tatu.

Kuna chochote kwa Kiswahili?

Kipo kimoja ninachokiweka kwenye mkoba: *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya kitabu cha David Werner kilichoanzia vijiji vya milimani huko Mexico. Hakikuandikwa kwa wapanda milima. Kiliandikwa kwa mtu aliye mbali na zahanati, na hiyo ndiyo hali yako ukivunjika mguu nyuma ya mlima Suswa.

Vitabu hivi nitavipata wapi mjini?

Anza na duka la Makavazi kwa vitabu vya mimea. Text Book Centre na Prestige watakuagizia vingine. Kisha kuna Inama, wale wauza vitabu wa kandokando ya barabara za katikati ya jiji, unapoinama hadi mgongo ulie. Mimi Wiseman wangu nilimtoa hapo, amefungwa gundi na jalada si lake. Ramani za kipimo cha 1:50,000 zinauzwa Survey of Kenya, Ruaraka. Nunua ya Ngong na ujifunze kuisoma juu ya Ngong yenyewe. Somo hilo moja linashinda vitabu vitatu.

Kwa walimu sasa. Ni nani hasa?

Nianze na kisa. Nilikuwa nimesoma kuhusu moto wa vijiti, nikajitengenezea vifaa, nikapekecha nyuma ya nyumba mpaka viganja vikatoka malengelenge na jirani akamuuliza mama kama niko sawa. Moshi nilipata. Moto, hapana. Mwaka uliofuata tulipiga hema karibu na Suswa, na mzee wa boma lililotukaribisha akanikuta nimepiga magoti, natoka jasho.

“Mwanangu,” akasema, “mti huu ulikukosea nini?”

Akavua kiatu kimoja cha akala, akaweka ubao juu ya soli ili kaa lisianguke mchangani. Akakagua kijiti changu, akakitupa. Alitoa chake, kigumu na chembamba kuliko nilivyodhani inafaa, akaanza polepole kama mtu anayesugua mikono asubuhi ya baridi. Viganja vyake vilipokaribia kufika chini, mwanawe alikuwa tayari ameshika juu, kijiti kisipumzike hata kidogo. Walipokezana hivyo mara nne, tano. Unga ukatoka wa kahawia, kisha mweusi, na hapo tu ndipo wakaongeza kasi. Mimi nilikuwa nabonyeza kwa nguvu tangu mwanzo na kuchoka kabla unga haujaiva. Kaa likaangushwa kwenye kinyesi kikavu cha punda kilichofikichwa, mzee akapuliza, kwisha. Maji ya chai yalikuwa bado hayajachemka kwenye jiko letu la gesi.

Kwa Kimaasai kijiti cha moto ni olpiron, na jina hilo hilo hutumika kwa rika la wazee wanaowalea vijana wa rika jipya, kwa sababu wao ndio wanaowawashia moto. Kiswahili nacho kina maneno yake: kijiti kinachozungushwa ni ulindi, ubao wa chini ni uwimbombo, na kazi yenyewe ni kupekecha. Nilikuwa nimeyasoma yote kwa Kiingereza, na maneno yalikuwepo kwetu siku zote.

Kwa hiyo mwalimu wa kwanza ni mwenyeji wa mahali unapokwenda. Wamaasai kwa nyika na nyayo. Ogiek wa Mau kwa msitu, mizinga na asali. Huko kaskazini, Waborana wanaomwita ndege mlembe kwa mluzi naye akawaongoza hadi kwenye nyuki. Mkenya mwenzetu, Hussein Isack, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1989: katika eneo wasilolijua, watafuta asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa naye.

Wa pili ni taasisi. Outward Bound wana shule ya zamani Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoanzishwa 1949, ina watu wanaojua kamba na hali ya hewa ya Mlima Kenya kuliko mwongozo wowote uliochapishwa. Chama cha waongoza safari wa kitaalamu hutahini wanachama wake kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na mwenye dhahabu ukimpata mwenye nafasi, lipa tu.

Wa ng’ambo wapo: shule ya Tom Brown Jr. kule New Jersey tangu 1978, na ya Mwingereza Ray Mears tangu 1983. Nauli ya ndege peke yake itakulipia miezi ya mafunzo Narok.

Nijuaje mwalimu si tapeli?

Muulize cheti chake cha huduma ya kwanza ni cha lini. Muulize mara ya mwisho mtu alipoumia kwenye safari yake walifanya nini. Asiyekuwa na jibu ama anadanganya ama hajaenda mara nyingi. Muulize ni siku gani aliahirisha safari kwa sababu ya mvua.

Haya nimeyajua kwa gharama. Niliwahi kulipia wikendi nzima ambapo mwalimu alitumia nusu ya muda kula panzi mbele ya kamera. Dada mmoja alipoteguka kifundo cha mguu, ikagundulika hakuna bendeji hata moja kambini. Tulimfunga kwa skafu, tukambeba zamu kwa zamu hadi barabarani. Mwalimu aliandika siku ile kuwa “changamoto”.

Video za YouTube je?

*Primitive Technology* ya John Plant ni nzuri sana, na inatufaa kuliko nyingi kwa sababu anafanyia kazi ukanda wa joto, kaskazini mwa Queensland, Australia. Hasemi neno, maelezo yako kwenye maandishi ya chini ya video, yawashe. Les Stroud wa Kanada alijirekodi mwenyewe bila kundi la wapiga picha, kwa hiyo unaona hata akishindwa. Wanaoruka maporomoko na kunywa vitu visivyonyweka, watazame kama unavyotazama mieleka.

Ninataka kujifunza kusoma nyayo.

Chukua mwongozo wa nyayo wa Chris na Mathilde Stuart, unaogusa hadi Afrika Mashariki. Kisha, kwa raha tu, soma *The Art of Tracking* cha Louis Liebenberg, cha mwaka 1990. Alitembea na wawindaji wa Kalahari, na hoja yake ni kwamba kufuata nyayo ndiko sayansi ilikoanzia: unaona alama, unakisia, unasonga mbele kuhakiki. Kwa mazoezi, amka mapema baada ya mvua uende Oloolua au Karura kabla wakimbiaji hawajavuruga njia. Nyayo za mbwa wa Muthaiga pia zinafundisha.

Huduma ya kwanza ni lazima?

Ndiyo, na ije kabla ya moto, kabla ya kisu, kabla ya kila kitu. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wote wanafundisha Nairobi. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Ya dharura kwa jumla ni 999 au 112.

Angalizo moja kuhusu vitabu vya zamani: vikikuambia uchane alama ya nyoka na kunyonya sumu, au ufunge mguu kwa kamba mpaka damu isipite, usivisikilize. Mtulize mgonjwa, vua pete na viatu, kiungo kisitikiswe, hospitali. Swila akikutemea machoni, suuza kwa maji mengi, papo hapo. Kuwajua nyoka wenyewe kuna mwongozo wa Stephen Spawls na wenzake wa mwaka 2002, na kuna bustani ya nyoka pale Makavazi, ambapo utamwona kifutu amelala kimya kama jani lililooza ndipo uelewe kwa nini watu humkanyaga.

Maji?

Chemsha hadi yatokote vizuri, dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu. Bila moto, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, maji yasiyo na tope, ilazwe juani kwa muda wa saa sita. Siku za mawingu, siku mbili. Dawa ya klorini inauzwa kila duka la mtaani. Lile shimo la karatasi ya nailoni la kukusanya mvuke, ambalo vitabu vyote vinalipenda: jasho la kulichimba ni jingi kuliko maji utakayopata.

Nifanyie wapi mazoezi bila kukamatwa?

Kuwasha moto katika msitu wa serikali bila ruhusa ni kosa, na Karura usithubutu. Njia rahisi ni shamba la mtu: Kajiado, Suswa, Machakos, ulipe ada ya kulala na uulize kuni zipi zinakatwa na zipi zimeachwa kwa sababu. Kambi ya skauti ya Rowallan, pale Jamhuri, ni karibu na mjini.

Hell’s Gate naipenda, lakini bondeni usiingie kukiwa na wingu upande wowote. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kanisa moja humo, na Septemba 2019 yakaua watu saba tena. Mvua hailazimiki kukunyeshea wewe. Ikinyesha juu huko, maji yanakuja.

Mwanangu ana miaka kumi na minne.

Skauti, Girl Guides, au Tuzo ya Rais, ambayo imekuwepo tangu 1966 na inaanzia umri huo huo. Mpeleke siku moja Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki huko Januari 1941. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya skauti, maana yake “nimekwenda nyumbani”. Muache aitambue mwenyewe.

Ninunue vifaa gani?

Vichache. Buti za Gikomba zilizokwisha kulainishwa na mguu wa mtu mwingine, sufuria ya Kamukunji, turubai, kisu kimoja kizuri, filimbi, kiberiti kwenye mfuko wa nailoni. Hata anayejua kupekecha hubeba kiberiti. Yule mzee wa Suswa alikuwa nacho mfukoni.

Nikienda kwa mwalimu wa kijijini, nimpelekee nini?

Malipo mnakubaliana kwanza, kwa uwazi, kama ungemlipa mwalimu yeyote. Juu ya hayo, sukari kilo mbili na majani ya chai. Kama ni mzee, uliza kama anatumia tumbaku ya kunusa. Simu ya kurekodi iache mfukoni mpaka chai iishe na yeye mwenyewe aseme twende.